Shajara ya mradi: herufi s na mtoto wa Norwich

13 Januari

Mada imepita leo, baada ya msimamizi wangu kuipunguza mara mbili. Nilikuwa nimependekeza kuchunguza lahaja zote za Kiingereza pamoja na tatizo la ukuaji wa lugha kwa watoto, naye akaniuliza kwa upole kama nimekuja kuchukua shahada au kuhamia chuoni. Tumekubaliana kwamba kazi itakuwa ya mezani, haitamrekodi mtoto yeyote, na itajibu swali moja tu: iwapo kipimo kilichotungwa kwa Kiingereza sanifu kinaweza kumtambua mtoto mwenye tatizo la lugha pale ambapo lugha ya nyumbani kwao ni lahaja ya Norwich, mashariki mwa Uingereza, na vijiji vya Norfolk vinavyouzunguka mji huo. Kinachotarajiwa mwishoni ni jedwali linaloonyesha, kipengele kwa kipengele, ni wapi kipimo na lahaja vinagongana, pamoja na sentensi mbadala ambazo mtafiti mwingine ataweza kuzifanyia majaribio kwa watoto.

Kwa ajili ya msomaji ambaye hayumo katika fani hii, nieleze tatizo lenyewe mara moja nisilirudie. Wako watoto wanaosikia vizuri, hawajapata jeraha la ubongo, wanaishi katika nyumba zenye mazungumzo ya kutosha, na bado lugha huwawia nzito: wanachelewa kuunganisha maneno, sentensi zao zinabaki fupi wakati wenzao wanasonga mbele, na agizo lenye hatua tatu huwapotea njiani. Kwa miaka mingi watafiti waliiita hali hii ulemavu mahususi wa lugha. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lililoongozwa na Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford lilipendekeza jina la tatizo la ukuaji wa lugha, nalo ndilo ninalolitumia. Si hali adimu. Bruce Tomblin na wenzake, waliowapima watoto wa chekechea huko Marekani, waliripoti asilimia 7.4 mwaka 1997, na utafiti wa Courtenay Norbury na wenzake katika kaunti ya Surrey, Uingereza, ulipata asilimia 7.58 mwaka 2016. Katika darasa la watoto thelathini hao ni wawili, na mara nyingi ni wale wanaosemwa kuwa ni wavivu au hawasikilizi.

20 Januari

Wiki nzima nimekuwa nikisoma kazi za Mabel Rice wa Chuo Kikuu cha Kansas na Kenneth Wexler wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), kwa sababu bila hao mradi huu hauna pa kuanzia.

Kitenzi cha Kiingereza hakibebi mzigo mkubwa. Sisi tukisema "anakwenda" tumekwisha kutaja nani na lini kabla mzizi wa kitenzi haujafika, ilhali Mwingereza, katika wakati uliopo, ana kiambishi kimoja tu cha kuhangaika nacho, yaani herufi s inayoongezwa mwishoni mtendaji anapokuwa nafsi ya tatu umoja, hivyo kwamba "I walk" hugeuka kuwa "she walks". Watoto wote wanaokua na Kiingereza hupita katika kipindi cha kuiweka herufi hiyo leo na kuiacha kesho. Rice na Wexler walionyesha, katika makala za mwaka 1995 na 1996, kwamba watoto wenye tatizo la lugha hukwama katika kipindi hicho kwa muda mrefu zaidi. Mtoto wa miaka mitano mwenye tatizo huiacha s, na pamoja nayo kiambishi -ed cha wakati uliopita na vitenzi visaidizi "be" na "do", mara nyingi kuliko hata mtoto mdogo kwake kwa miaka miwili ambaye sentensi zake zina urefu sawa na za kwake. Kutokana na ugunduzi huo walitunga kipimo kilichochapishwa mwaka 2001 kwa watoto wa miaka 3 hadi 8. Katika sehemu mojawapo mtoto huonyeshwa picha ya mtu akiwa kazini, huulizwa mtu huyo hufanya nini, na mtahini hutega sikio asikie kama ile s imetoka.

Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakitapanyi nguvu: kinatafuta jambo moja na kulitafuta sana. Hata hivyo kimejengwa juu ya dhana kwamba watu wazima wa nyumbani kwa mtoto huitamka s kila mara inapostahili. Dhana hiyo ikiondoka, sehemu hiyo ya kipimo inabaki bila msingi.

29 Januari

Norwich ndipo dhana hiyo inapoondoka. Mwanaisimu Peter Trudgill, mzaliwa wa mji huo huo, aliwahoji wakazi 60 mwaka 1968 na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Miongoni mwa mambo aliyoyahesabu ni mara ngapi watu waliiacha s ya nafsi ya tatu, wakasema "she go" badala ya "she goes". Nimeyanakili matokeo yake leo kwenye jedwali langu. Kwa tabaka la kati lenyewe ilikuwa asilimia 0. Kwa tabaka la kati la chini, 29. Na kwa ngazi tatu za wafanyakazi, kuanzia ya juu, ilikuwa 75, 81 na 97. Soma hiyo namba ya mwisho tena. Katika nyumba hizo mtoto angeweza kukaa siku nzima asiisikie s hata mara moja kutoka kwa mama, baba au jirani, na hakuna aliyekuwa akikosea.

Trudgill aliziweka takwimu zake kando ya zile za Walt Wolfram, aliyechunguza Kiingereza cha Wamarekani Weusi wa Detroit na kuchapisha kazi yake mwaka 1969. Huko Detroit ilikuwa asilimia 1, 10, 57 na 71, kutoka tabaka la kati la juu hadi la wafanyakazi wa chini. Kwa hiyo kipengele ambacho walimu wengi wa Marekani wamekuwa wakikihesabu kuwa alama ya "Kiingereza kibovu cha Weusi" kilikuwa kikitumika kwa wingi zaidi na Waingereza weupe wa mji wenye kanisa kuu la karne ya kumi na mbili. Nilipomwonyesha msimamizi aya hiyo alitabasamu, kisha akaandika pembeni kwamba shajara si mahali pa kulipiza kisasi. Nimeiacha ilivyo.

Kuhusu asili yake, Trudgill anahusisha hali hii na wakimbizi wa Kiholanzi na wa Kiwaloni (wasemao Kifaransa) waliofika Norwich kuanzia mwaka 1565 na ambao kufikia 1579 walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa mji, wakati ambapo Kiingereza chenyewe kilikuwa kikiyumba kati ya kiambishi cha zamani -th na kile kipya cha -s. Wageni wanaojifunza lugha ukubwani huwa wepesi kuangusha viambishi. Ni hoja inayovutia, lakini haibadilishi chochote katika jedwali langu, kwa hiyo sitaifuata.

6 Februari

Leo nimesoma historia ya upande wa sheria, kwa ufupi, kwa kuwa wahakiki wataniuliza.

Kesi inayotajwa daima ni ya Ann Arbor, Michigan. Familia za watoto Weusi wa makazi ya Green Road ziliishtaki wilaya ya shule mwaka 1977 kwa sababu watoto wao walikuwa wamepachikwa majina ya ulemavu wa kujifunza na wa usemi pasipo shule kuzingatia lahaja ya nyumbani. Mwanaisimu Geneva Smitherman aliongoza upande wa wataalamu, mwanaisimu mwenzake William Labov akatoa ushahidi, na tarehe 12 Julai 1979 jaji Charles Joiner aliamua kwamba shule ilipaswa kuchukua hatua za kuwafanya walimu wake waitambue lugha ya watoto hao. Miaka minne baadaye, mwaka 1983, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha Marekani kilitoa tamko kwamba hakuna lahaja ya Kiingereza iliyo ugonjwa au tatizo la usemi.

Tamko hilo ni la kweli, na kwa mtahini aliyeketi mbele ya mtoto halitoshi. Linamwambia kitu gani asikihesabu kuwa tatizo. Halimwambii atazame wapi.

14 Februari

Nimekosea, na nimegundua kosa hilo jikoni.

Bibi mwenye nyumba ninamopanga alizaliwa katika kijiji cha Norfolk, na kwa kawaida akizungumza nami hujitahidi kusema kama mtangazaji wa redio. Asubuhi ya leo mvua ilikuwa inapigwa na upepo, nami nimesimama mlangoni nikitafuta ufunguo, akanipigia kelele: "Shut that door, do that'll rain in!" Nilisimama mlango ukiwa wazi, nikijaribu kuichambua sentensi, mpaka akaja kuufunga mwenyewe. "Do" hapo si kitenzi kisaidizi kamwe. Maana yake ni "la sivyo". Na "that" ya pili imekaa mahali ambapo Kiingereza sanifu kingeweka "it". Funga mlango, la sivyo mvua itaingia. Baadaye, akizungumza na bintiye kwa simu kuhusu mjukuu, alisema "she don't like that, but she have a good teacher". Nilimwomba ruhusa ya kuziandika sentensi hizo, akacheka sana kwamba kuna chuo kinachofundisha watu kumsikiliza yeye.

Sentensi ya simu ndiyo iliyoniumbua. Katika jedwali langu nilikuwa nimeifuta sehemu ya kipimo inayohusu s kwenye vitenzi vya kawaida, na nikajiridhisha kwamba zilizobaki ni salama kwa mtoto wa Norwich. Lakini lahaja hii haiiachi s kwenye "go" na "walk" peke yake. Inaiacha kwenye vitenzi vyote, "have" na "do" vikiwa ndani yake. Maana yake ni kwamba kila swali la kipimo linalomtaka mtoto aseme "does" nalo linagongana na lahaja, kwa kuwa nyumbani wanasema "do she like that?" Nilikuwa nimesoma jambo hilo kwa Trudgill wiki mbili zilizopita na macho yakapita juu yake. Nimeirudia safu nzima ya "do" usiku huu. Safu ya "be" imesalimika: "she's running" hubaki na kisaidizi chake, ingawa mzee wa kijijini anaweza kuongeza silabi mbele ya kitenzi na kusema "a-running", jambo ambalo mtahini anapaswa kulipita bila kukunja uso.

27 Februari

Mjadala mrefu na msimamizi, ambao naona ndio moyo wa mradi.

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa jepesi. Nilitaka mtahini apewe orodha ya sifa za lahaja, na kila mtoto anapotoa jibu linalolingana na orodha, apewe maksi kamili. "She go" ipewe tiki. Msimamizi alichukua karatasi akachora watoto wawili wa miaka mitano wa mtaa mmoja. Wa kwanza hana tatizo lolote. Anasema "she go" kwa sababu mama yake anasema hivyo. Wa pili ana tatizo la lugha. Anasema "she go" kwa sababu mama yake anasema hivyo na pia kwa sababu kichwani mwake viambishi havishikiki. "Sasa wape maksi kwa utaratibu wako," akaniambia. Wote wawili walipata maksi kamili, na yule wa pili akarudi darasani bila msaada. Nilikuwa nimeruka majivu nikakanyaga moto: ili nisimwonee mtoto mzima, nimemficha mtoto mwenye tatizo.

Hapo ndipo nilipoielewa thamani ya kazi ya Janna Oetting wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ambaye nilikuwa nimemsoma kijuujuu. Pamoja na Janet McDonald, katika makala ya mwaka 2001, alichambua mazungumzo ya watoto 93 wa Louisiana, baadhi wakizungumza lahaja ya Weusi wa Kusini na baadhi lahaja ya Wazungu wa Kusini, na wakahesabu miundo 35 isiyo ya Kiingereza sanifu. Hawakuuliza kama mtoto anatumia muundo fulani au hautumii, kwa kuwa karibu kila mtoto anatumia kitu fulani. Waliuliza anautumia mara ngapi. Kwa kulinganisha viwango, watoto wenye tatizo walionekana wakiwa ndani ya lahaja yao wenyewe, wakilinganishwa na wenzao wa lahaja hiyo hiyo na si na mtoto wa mji mwingine. Katika kazi zake za baadaye Oetting anasema wazi kwamba mtazamo wa kuuliza "hii ni lahaja au ni tatizo?" una kasoro, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, na tatizo litazamwe likiwa ndani ya lahaja.

Upo pia mfano wa kipimo kilichojengwa kwa kuanzia upande huo. Harry Seymour, Thomas Roeper na Jill de Villiers walikitunga huko Massachusetts, toleo la uchunguzi wa awali likatoka mwaka 2003 na toleo kamili mwaka 2005. Toleo la awali lina sehemu mbili zilizotenganishwa kwa makusudi: ya kwanza hupima ni kwa kiasi gani usemi wa mtoto unatofautiana na Kiingereza sanifu cha Marekani, na ya pili hupima hatari ya kuwa na tatizo kwa kutumia mambo ambayo lahaja hazitofautiani. Mtoto anaweza kupata jibu lolote katika sehemu ya kwanza bila kuathiri ya pili. Ni mpango safi kabisa. Ulitungwa, hata hivyo, kwa kuwafikiria Wamarekani, na nikiangalia picha na misamiati ninaona mtoto wa Norfolk atakwama kwa sababu zisizohusiana na sarufi.

5 Machi

Siku mbili zimepotea. Mwongozo wa kipimo kimoja ninachokihitaji huuzwa tu kwa mtaalamu mwenye leseni ya tiba ya usemi, na mchapishaji, ambaye sitamtaja, amejibu barua yangu ya tatu kwa kunitumia tena fomu niliyokwisha kuijaza. Maktaba ina nakala yenye kurasa zilizokatwa. Mwishowe mtaalamu mmoja wa idara ameketi nami saa nzima akiwa ameshika nakala yake mkononi, akinisomea vipengele nami nikiandika aina ya muundo unaopimwa pasipo kunakili maneno yenyewe. Nimeridhika na utaratibu huo. Wasiwasi wa kipimo kuvuja kwa wazazi na walimu ni wa haki.

12 Machi

Swali jipya, ambalo sasa limeandikwa juu ya kila ukurasa wa jedwali, ni hili: ni wapi lahaja yenyewe inamdai mzungumzaji kiambishi? Mahali ambapo lahaja inaruhusu kuacha, kuacha hakumwambii mtahini kitu. Mahali ambapo lahaja haimruhusu mtu mzima yeyote kuacha, mtoto anayeacha ametoa ishara.

Mfano mzuri uko kwa Labov, katika makala yake ya mwaka 1969 kuhusu Kiingereza cha Wamarekani Weusi. Katika lahaja hiyo "he is tired" inaweza kuwa "he tired", na mwalimu asiyejua hudhani kwamba kitenzi "be" kinaachwa hovyo. Labov alionyesha kwamba kuna kanuni: pale ambapo Kiingereza sanifu kinaweza kufupisha "is" ikawa "'s", lahaja inaweza kuifuta, pale ambapo sanifu hakiwezi kufupisha, lahaja haiwezi kufuta. Kwa sababu hakuna Mwingereza anayesema "that's what he's" akaishia hapo, hakuna mzungumzaji wa lahaja hiyo anayesema "that's what he". Vilevile "I'm" na "was" haziachwi ovyo. Kwa mtahini huu ni utajiri mkubwa, kwa maana mtoto wa Detroit anayeacha "is" katikati ya sentensi hajaonyesha kitu, lakini anayeiacha mwishoni anastahili kutazamwa tena.

Kwa Norwich nimepata maeneo mawili ya namna hiyo. La kwanza ni kisaidizi "be" kilichotajwa. La pili ni kiambishi -ed katika vitenzi vya kawaida, kwa kuwa mtu wa Norfolk husema "she played" kama mtu mwingine yeyote. Nimelishughulikia hili la pili kwa uangalifu zaidi, kwa sababu lina mitego. Vitenzi visivyo vya kawaida vyote nimeviondoa: huko "come" na "give" hutumika kwa wakati uliopo na uliopita, hivyo "she come" inaweza kuwa anakuja au alikuja, na wazee wengi husema "shew" kwa maana ya alionyesha. Halafu kuna mtego wa matamshi. Katika "walked slowly" konsonanti nne zinasongamana, na Mwingereza wa lahaja yoyote, hata profesa, huimeza ile ya pili, yaani t ya kiambishi. Mtahini akisikia "walk slowly" hajui kilichoachwa ni kiambishi au ni sauti. Kwa hiyo nimechagua vitenzi vinavyoishia kwa irabu, kama "play" na "cry", au vinavyofuatwa mara moja na neno linaloanza kwa irabu, kama "picked it up", ambapo sauti ya mwisho inapata mahali pa kuegemea na kusikika.

Lahaja za magharibi na za Reading, ambako Jenny Cheshire aliwasikia vijana wakisema "I goes" na "we goes", zina s kila mahali badala ya kutokuwa nayo. Ni kinyume kamili, na ni mradi wa mtu mwingine.

21 Machi

Nimesoma jaribio lililonifurahisha kuliko lolote mwaka huu, nalo ni la Janice Jackson. Katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi "he be eating" haina maana ya "anakula sasa"; ina maana kwamba ndiyo kawaida yake, ni "hula" ya kwetu. Jackson aliwaonyesha watoto picha ya Cookie Monster na Elmo, vikaragosi wa kipindi cha watoto cha televisheni, Sesame Street. Cookie Monster, ambaye dunia nzima inamjua kwa biskuti, ni mgonjwa kitandani na hali kitu. Elmo ndiye anayekula biskuti. Watoto wanaulizwa, "Who be eating cookies?" Watoto wa Kiingereza sanifu wakaelekea kumtaja Elmo, kwa kuwa ndiye anayetafuna pichani. Watoto wa lahaja wakaelekea kumtaja Cookie Monster, kwa kuwa ndiye mlaji, hata akiwa mgonjwa. Hapo anayekosa jibu ni mtoto wa Kiingereza sanifu.

Nimejiuliza kama Norwich ina kitu cha kupimia ufahamu kwa namna hiyo, na ninafikiri ile "do" ya jikoni inafaa. Mtoto aliyekua akiisikia anapaswa kujua kwamba sehemu ya pili ya sentensi ni tishio la kitakachotokea, si agizo jingine. Nimeongeza vipengele vinne vya majaribio. Msimamizi ana shaka, na shaka yake ni ya msingi: takwimu za Trudgill ni za mwaka 1968, lahaja imepungua tangu wakati huo, na mtoto wa leo anayesikia "goes" kwenye televisheni na "go" kwa bibi yake atakuwa anachanganya. Ndiyo sababu nimeondoa asilimia za Trudgill kwenye safu ya viwango vya kulinganisha. Zitabaki katika utangulizi, kuonyesha kwamba jambo lipo.

2 Aprili

Leo nilikuwa na sehemu ya maneno bandia. Kwa kuwa kiambishi kinagongana na lahaja, watafiti kama Christine Dollaghan na Thomas Campbell walipendekeza njia isiyogusa ujuzi wa lugha fulani: mtoto arudie maneno yasiyo na maana, ya silabi moja hadi nne, na mtahini ahesabu sauti alizoshika. Kipimo chao cha mwaka 1998 kina maneno 16. Watoto wenye tatizo huanza kuanguka maneno yanaporefuka. Ni njia nzuri, mradi mtahini aijue lafudhi ya mtoto, la sivyo ataihesabu irabu ya Norfolk kuwa kosa.

Jambo hili nimelielewa kwa urahisi kwa sababu ya nilikotoka. Mimi ni mtu wa Mombasa, na nyumbani kwetu tunasema "mato" na "tini" pale ambapo Kiunguja, na kwa hiyo Kiswahili sanifu, kinasema "macho" na "chini". Mtu akituita atasema "ndoo" na hatutaleta chombo cha maji. Mtahini aliyefunzwa kwa sanifu, akimsikia mtoto wa miaka minne wa Kibokoni akitamka t penye ch katika maneno kama hayo, ataandika kwamba mtoto hajamudu sauti ya ch, na kosa hilo kweli lipo kwa watoto wenye shida ya matamshi, kwa hiyo hata hatakuwa mjinga kuliandika. Vivyo hivyo mtoto anayesema "tarudi" badala ya "nitarudi". Kamil Ud Deen, aliyechunguza jinsi watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, alibainisha kwamba watu wazima wa huko nao hukiacha kiambishi cha nafsi mara nyingine. Mtu atakapokaa kutunga kipimo cha Kiswahili atalikuta swali langu la Norwich likimsubiri. Msimamizi amesema aya hii ikae katika kiambatisho, nami nimekubali.

10 Aprili

Jedwali limekamilika kwa toleo la kwanza. Safu ya s imefutwa, safu ya "do" imefutwa, safu ya "be" na ya -ed zimebaki na kupanuliwa, maneno bandia yamerekebishwa ili irabu za Norfolk zikubaliwe zote, na vile vipengele vinne vya "do" vimewekwa chini kabisa, vikiwa vimeandikwa kwamba ni vya majaribio. Ombi la kibali cha maadili litaandikwa na mtafiti atakayefuata, ambaye ndiye atakayekutana na watoto.

Kilichobaki kwangu ni picha. Mchoraji ameleta 14 za vitenzi vya wakati uliopita, nami nilizijaribu jana kwa bibi mwenye nyumba, kila picha ikiwa na swali la nini kilitokea. Nyingi zilifanya kazi. Ile ya "picked it up", hata hivyo, inamwonyesha mwanamke ambaye tayari ana tofaa mkononi, na bibi akajibu kwa haki kabisa, "She have an apple". Ile ya "cried" inamwonyesha mtoto mwenye machozi, akasema "He's sad". Ya tatu hatukuelewana hata kidogo. Yeye aliona mbwa, mimi nilikuwa nimeagiza kondoo. Zote tatu zimerudi kwa mchoraji, ambaye ameahidi kuzileta Ijumaa.